Sifuri ya Binti wa Muuza Nguruwe

Barabara ya Chungshan,
Lukang, Changhua,
Taiwan.
6 Desemba 1987

Mpendwa mwanangu Sung-nien,

Nakusalimu wewe, mkeo Mei-yun na mjukuu wangu Paulo. Natumaini mko wazima wote watatu, na kwamba kifua cha mtoto kimepona. Mimi sijambo. Goti la kushoto huniuma upepo wa kaskazini unapoanza, na mwaka huu umeanza kwa hasira. Juma lililopita uling'oa bati la jirani ukalipigiza kwenye ukuta wetu usiku kucha, kama mlevi anayedai kufunguliwa mlango.

Mama yako anakula kidogo, lakini anakula. Ndugu yako Ming-tao ametoka hospitalini. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikuungika. Madaktari walivishona, vikaoza, wakavikata tena. Nakwambia wazi kwa sababu nimesikia kwamba mama yako alikwambia katika simu kuwa ni jeraha tu.

Telegramu yako ilifika Jumanne. Ina maneno mawili: "Choma kadi." Nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake unavyostahili. Najua umeandika kwa uchungu wa ndugu. Najua pia kwamba umesimuliwa habari hii kuanzia katikati, kwa hiyo nitakueleza kwa mpangilio.

Ming-tao hufundisha sayansi kidato cha tatu. Kila Jumatano huwapa wanafunzi wake mtihani wa maswali hamsini ya kuchagua jibu. Kila swali lina visanduku vinne katika mstari mmoja, na mwanafunzi hutia weusi wa penseli katika kimoja. Kusahihisha kwa haraka nilimfundisha mimi: chukua ile kadi nyeupe inayowekwa ndani ya shati jipya, iweke juu ya karatasi yenye majibu, kisha utoboe kila jibu sahihi kwa ncha ya kijiti cha ubani kinachowaka. Ukiilaza kadi hiyo juu ya karatasi ya mwanafunzi, tundu lenye weusi ni sahihi, tundu jeupe ni kosa. Mwanafunzi mmoja humalizika kwa nusu dakika. Nilimfundisha na sheria ya nyumba yetu: swali moja, kiboko kimoja. Sheria hiyo wewe unaijua kwa ngozi yako.

Jumatano tarehe 18 Novemba alisoma matokeo mbele ya darasa. Namba hamsini na mbili, wa mwisho katika orodha ya majina, ni Tu Pei-ling, mwenye umri wa miaka kumi na minne, binti wa Tu A-huo, yule ambaye mama yako hununua kwake miguu ya nguruwe. Kwa miaka miwili na nusu hakuna aliyempita kwa alama. Siku hiyo alipata sifuri.

Nimewauliza wanafunzi saba, mmoja mmoja, na wote wamenipa maneno yaleyale.

"Hata nguruwe wa baba yako akikanyaga karatasi hii atapata kumi na mbili!" Ming-tao alimwambia. "Sifuri haiji yenyewe, sifuri hutafutwa. Umekaa dakika hamsini ukiitafuta ili unicheke."

"Sikufanya hivyo, Mwalimu."

"Nani kakuuliza? Nyoosha mikono."

Darasa lilihesabu kwa sauti, kama desturi ilivyo. Henzirani ilipasuka katika kiboko cha thelathini na moja. Ming-tao akachukua mpini wa ufagio. Mikono ya binti ilikuwa imevimba asiweze kuifungua, kwa hiyo vipigo vilivyobaki viliangukia juu ya vifundo vya vidole. Katika arobaini wanafunzi waliacha kuhesabu. Akawaamuru waendelee, nao wakaendelea wakilia mpaka hamsini. Vidole vitatu vilivunjika, na mfupa mmoja mdogo wa kifundo cha mkono.

Mimi hunywa chai na walimu wenzangu wa zamani kila Alhamisi asubuhi, kwa hiyo nilikuwapo katika chumba cha walimu kesho yake. A-huo aliingia bila kubisha, amevaa aproni yenye damu ya nguruwe wa alfajiri hiyo, panga la mifupa kiunoni, karatasi ya mtihani mkononi.

"Mwalimu Ko ni yupi?"

Nilisimama, maana nami ni Mwalimu Ko.

"Si wewe, mzee wangu, keti. Yule anayevunja watoto."

Ming-tao hakusimama. Alisema ana kazi. A-huo akaiweka karatasi mbele yake, juu ya kikombe cha chai.

"Umemwambia mwanangu kwamba nguruwe wangu atapata kumi na mbili."

"Hiyo ni hesabu, Bwana Tu. Kila swali lina majibu manne, kwa hiyo anayebahatisha..."

"Hesabu nimeielewa. Mimi sijui kusoma, lakini nguruwe nawajua. Nguruwe hajui kitu, anapata kumi na mbili. Mwanangu hata akijua nusu ya nguruwe atapata sita. Sifuri hii imetoka wapi? Sahihisha tena, nione."

Mwalimu wa jiografia alicheka. "Leo sokoni wamefungua chuo kikuu," akasema.

"Cheka, mwalimu," A-huo alimjibu. "Ukimaliza kucheka, nawe njoo uhesabu."

Ming-tao alitoa kadi kwenye droo akailaza juu ya karatasi. Nilijongea. Matundu yote hamsini yalikuwa meupe.

"Umeona sasa?" akasema Ming-tao.

Mwanangu, hapa ndipo mama yako anaponilaumu, na hapa sitajitetea. Niliyatazama yale matundu meupe, na nikawaza kile alichokiwaza muuza nguruwe. Nimesahihisha kwa miaka thelathini na mmoja. Sijapata kumwona mjinga wa sifuri. Nilinyoosha mkono nikaigeuza kadi, upande wa chini ukawa juu. Weusi ulijaa katika kila tundu isipokuwa moja.

Kadi ya shati ni nyeupe pande zote mbili, na haikuwa imeandikwa popote kwamba huu ndio upande wa juu. Ikigeuzwa, jibu la kwanza huwa la nne, na la pili huwa la tatu. Anayejua kila kitu huonekana hajui lolote. Karatasi ya Pei-ling ilikuwa ya mwisho katika rundo. Baadaye Ming-tao alikumbuka kwamba upepo uliingia dirishani ukaiangusha kadi sakafuni, akaiokota, akamalizia karatasi moja iliyobaki, akaenda kula.

A-huo alimwomba mwalimu wa jiografia ahesabu. Yule mwalimu hakucheka tena. Arobaini na tisa.

Ilikuwa zamu ya Ming-tao kusema. Kama angesema neno moja la kibinadamu, nadhani leo angekuwa na vidole kumi. Alifungua daftari akachukua kalamu.

"Basi," alisema, "alama zitarekebishwa."

"Alama?"

"Atapewa tisini na nane kwa mia."

"Na vidole vyake utamwandikia ngapi?"

A-huo alimkamata kifundo cha mkono akakibana juu ya meza. Panga lilishuka mara moja tu. Lilizama katika ubao hata askari wawili wakalazimika kulivuta kwa pamoja. Ndugu yako hakupiga kelele mara moja. Alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, kisha akalia sauti ambayo niliwahi kuisikia sokoni tu. A-huo aliketi sakafuni, akafuta mikono yake kwa aproni, akawangoja polisi. Mimi nilifunga mkono wa Ming-tao kwa shali langu. Damu ilikuwa imefika kila mahali, nami niliiokota kadi pamoja na karatasi ya binti nikavitia mfukoni. Sikuwa na hila yoyote wakati ule. Ni mazoea ya mwalimu: huachi mtihani mezani.

Alasiri hiyohiyo mkuu wa shule aliwakusanya walimu. Walikubaliana kwamba hapakuwa na kadi wala hesabu yoyote, kwamba mchinjaji mlevi aliingia akakata. Mwalimu wa jiografia alikuwa wa kwanza kutia sahihi.

Kesi itasikilizwa Jumatatu tarehe 14. Bila kadi, A-huo atafungwa miaka minane au zaidi, na Ming-tao atarudi darasani baada ya Mwaka Mpya, ajifunze kuandika kwa mkono wa kushoto. Kadi ikionekana, kifungo cha A-huo kitapungua sana, na ndugu yako atafukuzwa kazi, kisha atashtakiwa kwa vidole vya binti. Mama yako alinijia akapiga magoti mlangoni pangu, mbele ya majirani. Nilimwinua.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa A-huo na machungwa. Mkewe hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliendelea kupasua mifupa kwa panga dogo, maana lile kubwa liko polisi. Pei-ling alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Aliponiona alisimama wima, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu, na bandeji zake. Hakuna aliyemwamuru. Mimi sijawahi kumfundisha mtoto huyu hata siku moja, ila nywele zangu na suti yangu vilimtosha.

"Shusha mikono, mwanangu," nilimwambia.

Alishusha. Kisha akauliza, "Babu, kwa kweli nilipata ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Nilikosa lipi?"

"La kumi na nane."

Alifumba macho. "Nilikuwa nimeweka mbili. Nikafuta dakika ya mwisho."

Hakuuliza habari ya baba yake mpaka nilipokuwa nimefika mlangoni.

Sasa nakujibu telegramu yako. Kadi sijaichoma, na sitaichoma. Damu ya ndugu yako ilidondoka juu yake baada ya mimi kuigeuza, ikakauka upande ulio sahihi. Leo mtu yeyote akiishika anajua upi ni wa juu. Jumatatu hiyo nitaiweka mbele ya hakimu pamoja na karatasi ya binti, na nitasema nani alimfundisha Ming-tao kuitengeneza, na nani alimpa henzirani. Barua hii itakufikia nikiwa nimekwisha kusema. Naituma hivyo kwa makusudi, usije ukanisihi.

Liko jambo jingine, nami nimelizungukazunguka kurasa zote hizi.

Niliporudi kutoka kwa A-huo nilifungua sanduku langu la kazi. Nina kadi tisa za zamani. Hata moja haina alama ya upande wa juu. Nina pia madaftari ya matokeo, yote ya miaka thelathini na mmoja. Nilifungua la mwaka 1969, mtihani wa majaribio wa kidato cha tatu, somo la lugha, darasa langu, ambamo ulikuwamo. Nilijua nitakachokiona, lakini nilitaka kukiona kwa mwandiko wangu. "Ko Sung-nien: 3 kati ya 50."

Nilikupiga arobaini na saba. Ulisema, "Baba Mkubwa, nilijua majibu." Nikakuongezea viwili: kimoja kwa ubishi, kingine kwa kuniita Baba Mkubwa darasani. Hukurudi shuleni kesho yake. Hukufanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Kabla hujatimiza miaka kumi na sita ulipanda meli na mjomba wako kwenda Brazil, na kwa miaka kumi na minane nimewaambia watu wa ukoo kwamba mwana wa ndugu yangu alishindwa masomo kwa uvivu.

Karatasi zenu zilichomwa zamani. Siwezi kuligeuza jambo hili na kuhesabu upya. Inawezekana ulikosa kweli. Mtu anaweza kukosa arobaini na saba akitaka sana. Nguruwe hawezi.

Ming-tao aliketi dawati la pili katika darasa lililo chini ya lenu mwaka ule. Alivisikia viboko vile vyote arobaini na tisa kupitia sakafu. Ameniambia hospitalini kwamba alivihesabu, na kwamba tangu siku hiyo aliamini ndivyo mwalimu mzuri anavyofanya.

Mama yako anakusalimu, ingawa hajui ninayokuandikia. Ming-tao hakunituma salamu, lakini alipoona ninaandika anwani yako aliniomba kalamu, akajaribu kuandika jina lako kwa mkono wa kushoto. Nimeliacha hapo nyuma ya bahasha. Ukiona mwandiko wa mtoto mdogo, ni wake. Msalimie mjomba wako Hung, umwambie kwamba alifanya vema kukuchukua. Mbusu Paulo. Mtihani wake wa kwanza ukifika, usimwulize amepata ngapi kabla hujamwuliza anajua nini.

Bibi Matsu, mungu wetu wa bahari, aliyekuvusha ukiwa na mikono imefungwa vitambaa aendelee kukulinda, wewe na watu wa nyumba yako.

Anayekupenda, na ambaye hakuigeuza kadi,

Baba yako Mkubwa,
Ko Po-yen