Sema Unatoka

Dada Verlene,

Huku Alabama baridi imeanza, na mti wetu wa mpekani umepukutisha majani uani kote. Mimi mzima. Bado nawafundisha wanajeshi waliopofuka kutembea kwa fimbo nyeupe na kumimina kahawa bila kuungua.

Kazini tuna sharti moja: ukitoka chumbani, sema unatoka. Juzi simu iliita, nikachomoka kimya. Niliporudi, mwanafunzi wangu Sajenti Tackett alikuwa amefura kwa hasira.

"Wewe binti, nimekisimulia kiti vita vizima!"

"Nisamehe, mzee. Kilikujibu?"

"Kilinisikiliza kuliko wewe!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Yangu yakakataa kukoma.

Maana mume wangu Wendell naye aliondoka hivyohivyo, mwezi wa Agosti. Nilikuwa jikoni nakaanga bamia, namwongelesha nikijua yuko sebuleni, namsema hata bosi wangu. Nilipompelekea sahani ndipo nikaona funguo zake za nyumba mezani.

Mama usimwambie.

Nawe hujajibu barua zangu tangu Pasaka. Kama umenichoka, dada, sema tu kwamba unatoka.

Mdogo wako,
Rhonda