Sura Niliyokuazima

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi yangu na wanangu wote hapo nyumbani. Natumaini mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu ile kazi ya madawati umeanza kutulia, na kwamba mama anameza dawa zake za presha bila kupigiwa kelele. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za roho utazikuta huko chini.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu uliyeongea naye juzi tu kwenye simu. Utasema, huyu naye vipi, vocha imemwishia? Hapana. Kwenye simu una tabia ya kunikatia nikifika pale usipopataka, nami safari hii nataka nifike mwisho. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Basi nivumilie.

Nianze na kazi, maana ndiko yote yalikoanzia. Tangu niache kile kiwanda cha uchapaji nikaamua kujitegemea, chumba changu cha mbele ndiyo ofisi. Meza nimeisogeza dirishani nipate mwanga, kompyuta iko juu yake inanguruma kama inataka kupaa, na kando yake kibao cha kuchorea ambacho kona moja imepasuka nikaifunga kwa gundi ya karatasi. Mteja akija nakaa mbele ya kitanda ili asikione. Kitanda ni kikubwa kuliko mimi, lakini tunajaribu.

Ulishawahi kuniuliza kama kazi hii inalisha. Inalisha, ila inalisha kwa kijiko, tena kijiko chenyewe kiko mkononi mwa mtu mwingine. Mwenye duka la mikate alitaka nembo ya mkate unaotabasamu. Nilipompelekea akalalamika kwamba mkate unamcheka yeye. Nikaufanya usicheke, akasema sasa una msiba. Mwingine aliniambia hana haja ya kunilipa nikae siku nzima, kwani mpwa wake naye ana kompyuta. Watu wanadhani kuchora ni kama kupiga chafya, kunatoka kwenyewe. Simu ikilia naogopa kwamba ni mteja amebadili mawazo. Isipolia naogopa zaidi. Ndivyo ninavyoishi, kaka, nimekalia kuti kavu na huku natabasamu kama ule mkate.

Ndiyo maana ile hospitali ya macho iliponiita nilishukuru mpaka nikalia. Walitaka bango la kuwahimiza wazee waje wafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Dada wa ofisi ya habari alinieleza kwamba bango likipendeza watanipa kazi zao zote za mwaka, vipeperushi, vitabu vya watoto, hata rangi za kuta za wodi. Alitaka uso wa mzee. Asiwe mzee wa kuhurumiwa, alisema. Awe mzee ambaye ukimwona unatamani angekuwa wako.

Mzee wa namna hiyo nilimtafuta sana. Mlinzi wa jengo letu alikubali nimchore, akasinzia mdomo wazi. Jirani yangu mstaafu alikataa kwa hasira, akaniuliza mzee ninayemwona hapo ni nani. Muda ukawa unakwisha. Mchana mmoja nimeinua macho kutoka kwenye karatasi tupu nikakuona wewe ukutani, ile picha ya harusi yako, umekaza shingo kwenye tai kama mtu anayepimwa urefu. Nikaishusha nikaanza kazi. Nilikuzeesha, kaka, bila idhini yako. Nilikulegeza kope, nikakupunguza nywele, nikakuchimbia mistari pembeni mwa mdomo. Masikio niliyaacha kama yalivyo. Nilipomaliza, yule mzee alinitazama kwa namna iliyonifanya nisimame nikaenda kunywa maji.

Bango likapendwa. Likabandikwa vituo vya basi, kwenye zahanati, ukutani mwa soko. Nilikuwa nazunguka njia ndefu ili nipite mbele yake nikijifanya siangalii. Furaha hiyo haikukaa. Dada wa ofisi ya habari alinipigia, sauti imekauka, akaniambia kuna mama amekuja kulalamika kwamba hospitali imebandika picha ya mumewe mji mzima bila ruhusa. Meneja ameudhika. Mkataba wa mwaka umesimamishwa kwanza, na ninatakiwa ofisini nijieleze.

Nikaona kila kitu kimekwisha: nitaitwa mwizi wa sura za watu, wateja watasikia, na katika kazi yetu jina likichafuka halina sabuni. Nilikusanya michoro yote ya mwanzo, hata niliyoikunjakunja na kuitupa, nikaipiga pasi. Nikatia na picha yako ya harusi kwenye bahasha. Nilijiambia ushahidi huu hauna wa kuupinga.

Ofisini nilimkuta yule mama amekaa wima, mkoba magotini, mtu wa makamo mwenye uso wa kutotaka ugomvi. Nilipanga michoro mezani mmoja mmoja. Nikaeleza kwamba mzee wa bango hayupo duniani, kwamba ni kaka yangu seremala niliyemwongeza miaka, na huyu hapa. Meneja akaanza kupumua. Yule mama akavaa miwani yake, akaichukua picha ya harusi, akaisogeza karibu, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, kama anayezungumza na picha yenyewe:

“Huyu ndiye. Hivi ndivyo alivyokuwa nilipokutana naye.”

Kaka, nakuomba usiikunje karatasi hii. Najua ulichoapa. Nakumbuka uliniambia kwamba siku nitakayomtaja mbele yako, undugu wetu umefika kituo cha mwisho. Mimi nilikuwa mdogo, lakini wewe ulikuwa unaelewa. Wewe ndiye uliyemsaidia kufunga ngazi na makopo ya rangi asubuhi ile alipokwenda kuandika mabango ya duka katika mji mwingine. Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kumngoja kituoni, ukirudi unamdanganya mama kwamba ulikuwa unacheza. Na mama alipoichoma brashi yake ya mwisho, wewe ndiye uliyenikataza kushika penseli, isije ikanitia mguu wa barabarani kama yeye. Yote nayajua. Endelea tu kusoma.

Yule mama alisema mumewe yuko nje, kwenye benchi la korido. Macho yote mawili yamefungwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka amekuwa akiogopa kisu. Mama huyo alipoliona bango alifurahi akidhani wamemtibu kwa siri, kisha akakasirika, maana mzee wake bado anajigonga kwenye milango. Ndiyo sababu ya kuja kuuliza. Hakutaka fidia wala nini. Alitaka tu kujua ni nani mwingine mwenye uso ule.

Wakamwingiza. Alikuja akipapasa fremu ya mlango, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Nilijiambia duniani wawili wawili. Akakaa, akageuza uso upande ambako siko, akauliza:

“Nani aliyenichora?”

Nikasema ni mimi.

“Sura unaianzia wapi?”

“Sikioni,” nikamjibu.

“Kwa nini sikioni?”

“Kwa sababu sikio halijui kuigiza.”

Nilisema bila kufikiri. Nimewaambia watu maneno hayo maisha yangu yote nikidhani ni ya kwangu. Mkono wa mzee ukaanza kutafuta juu ya meza, ukapita kwenye michoro, ukafika kwenye vidole vyangu ukasimama. Akaita jina ambalo nyumbani hakuna aliyelitaja tena tangu aondoke, lile alilonipa kwa sababu nilikuwa namdondoshea rangi kwenye kuta za watu.

“Nukta?”

Sikumkumbatia. Usinidhanie malaika. Niliuvuta mkono wangu nikatoka, nikajifungia chooni nikanawa uso mpaka maji yakaingia shingoni. Niliporudi meneja alikuwa amechangamka kweli kweli. Akaniambia hii ni habari kubwa, tupigwe picha, baba na binti chini ya bango, watu watamiminika. Nikakataa. Akanikumbusha kwa upole kwamba mkataba bado uko mezani kwake. Nikakataa tena. Mpaka leo ninapokuandikia mkataba huo haujasainiwa, na nimesikia kuna kijana wa kiume mwenye ofisi ya vioo ameitwa kwa mazungumzo. Kila nikifikiria kodi ya chumba hiki nahesabu upya siku zilizobaki, lakini sikuweza kumuuza, hata yeye.

Nilikaa naye kwenye lile benchi baada ya hapo. Nilimuuliza swali ambalo wewe ungemuuliza. Alisema ile kazi ya mabango ilipewa mtu mwingine, na malipo ya mwanzo alishayanywa. Akaona aibu kurudi mikono mitupu. Alingoja apate cha kurudi nacho, na kungoja kukazaa kungoja, mwisho aibu ikawa ndiyo nyumba yake. Aliendelea kuandika mabango mpaka siku alipoandika la duka la dawa akaruka herufi, watu wakamcheka, akajua macho yamekwisha. Hakuniomba msamaha. Aliniomba nimsimulie mmekuwaje. Nikamsimulia habari zako, kwa shingo upande, kidogo kidogo.

Kwa sababu yangu au kwa sababu ya mkewe, alikubali kisu. Wamemfanyia jicho la kulia. Nilikuwepo walipomfungua bandeji. Alinitazama, akasema nimekonda, kama vile aliniacha jana nimenona. Tulipokuwa tunatoka akaliona lile bango koridoni. Akasimama. Nilingoja ajitambue, maana mkewe alikuwa anacheka tayari. Yeye akalisogelea, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtoto:

“Baba.”

Alidhani ni babu yetu, yule aliyefariki kabla hatujazaliwa. Nikamwambia hapana, huyo ni mwanao, hivyo ndivyo atakavyokuwa akizeeka. Akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutuzunguka.

Kaka, sasa nafika pale nilipokuwa naogopa kufika tangu mstari wa kwanza. Barua hii nimeiandika mara nyingi nikaichana. Haikuja kwa posta, na hilo unalijua. Sijui kama umemtambua, au miwani ile myeusi waliyomvalisha hospitali imemficha. Mzee aliyekukabidhi bahasha ni yeye.

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia wewe si mimi, wewe utamtoa nje. Akasema hata hivyo atakuwa amekuona, na hilo ndilo alilotibiwa jicho. Alikuwa tayari kuja peke yake, akiulizia njia. Basi nikamlipia nauli nikamwelekeza karakana kwako badala ya nyumbani, kwa ajili ya mama. Mama ana haki ya kujua, lakini hana haja ya kufungua mlango na kumkuta amesimama hapo. Wewe ndiye utakayejua la kumwambia, na lini. Nimekubebesha mzigo huo bila kukuuliza, kama nilivyochukua uso wako bila kukuuliza. Kama utanikasirikia, nikasirikie mimi. Hajui nilichoandika humu. Nimemwambia ni michoro ya viti.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe bado. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hasira mpaka mstari haunyooki, kuna asubuhi nampigia simu nimuulize kama ametia dawa ya matone. Nakuomba tu umpe kiti, hata kama ni kile usichokimaliza, amalize kukutazama. Kama atakuuliza umri wa watoto, mjibu au usimjibu. Basi la kurudi huku linaondoka jioni, na mkewe atampokea.

Nisalimie sana wifi. Mwambie kitambaa cha meza alichonishonea kinafunika ule ufa wa kibao changu vizuri kabisa, wateja wanakisifia. Wabusu wanangu, hasa yule anayechora kwenye mbao zako. Usimchape, nakuomba. Mama mwambie nakuja mwezi ujao, mkataba ukisainiwa au usiposainiwa.

Simu yangu iko mezani tangu asubuhi, sauti nimeiweka juu. Ukikata pia nitaelewa.

Kama utaamua aondoke leo hii, naomba umtoe mwenyewe mpaka barabarani. Karakana yako ina zile ngazi zisizo na kishikio. Mshike mkono wa kushoto, kaka. Upande huo bado haoni.

Mimi mdogo wako,
mwenye kukupenda na kukuogopa