Daftari la Meno na Meza ya Dada

Mama Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Alhamisi, maana moyo umenijaa na sina wa kumwambia. Mimi ni karani wa kliniki ya meno, na manispaa ilipoweka kodi ya vinywaji vya sukari miaka miwili iliyopita niliambiwa nichunguze kama inasaidia afya za watoto, nami nikadhani ni kazi ya kujaza karatasi tu, kumbe! Kabla ya kodi tuling'oa meno watoto arobaini na mmoja kwa mwezi, sasa tisa, nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu, nikasema labda ni bahati, nikaomba takwimu za mji wa jirani usio na kodi hiyo, huko mambo ni yale yale, basi nikakaa nikalia, Mama, kwa sababu lile benchi la watoto walioshika mashavu liko tupu na mimi napita hapo kila siku sijaona. Lakini dada yangu mkubwa anauza soda mbele ya shule, meza hiyo ndiyo iliyonisomesha, na sasa biashara imedorora, Alhamisi madiwani wanaamua kodi ibaki au ifutwe na msomaji wa ripoti ni mimi, naye dada kaniambia, "Mdogo wangu, ukurasa mmoja ukipotea nani atajua?" Hata kitindamimba wake, aliyeng'olewa meno mara mbili kabla ya kodi, tangu hapo simwoni kwenye daftari letu la wanaong'olewa. Nifanyeje?

Karani, machozi karibu

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera pia. Nimesoma barua yako mara mbili mpaka chai ikapoa. Arobaini na mmoja hadi tisa, jamani!

Sasa nikugombeze. Kupoteza ukurasa? Acha utoto. Dada hakukusomesha uje kuficha maandishi. Ila na wewe umepungukiwa: umepima meno, hukupima meza. Andika na hasara ya wauzaji, uwaombe madiwani sehemu ya kodi iwasaidie kubadilisha biashara.

Na usimwache dada ayasikie ukumbini. Jumatano mwite kliniki, mkalishe kwenye lile benchi, usimhubirie. Mfungulie kurasa za zamani za daftari, aone jina la mwanawe mara mbili. Kisha mpe kurasa za miaka hii miwili, amtafute mwenyewe. Usimwambie kitu. Mwache atafute mpaka mwisho.