Mjukuu wa Kitanda cha Sita

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wake, nikamjibu mlinzi wa mlango wa wodi. Wa damu kabisa! Soksi hizi? Za bibi, ana miguu ya baridi. Pea kumi na nane? Basi ana miguu ya baridi sana.

Nikapita. Wodini ndiko kwenye wateja — nani analazwa akakumbuka mswaki? Nikasimama kitanda cha sita kwa sababu mlinzi alikuwa bado ananiangalia. Bibi mkavu kama ukuni, macho makali. Sista akamuuliza, huyu wako? Bibi akanikagua kuanzia viatu. Akasema wangu, na ndiye mzembe kuliko wote.

Nimeuza pea nne na miswaki miwili. Saa tisa mlango ukafungwa. Kufuli! Ugonjwa wa kutapika na kuhara, saba wameanguka tangu asubuhi, haingii mtu hatoki mtu. Wakaandika orodha. Mimi wameniandika: mjukuu, kitanda cha sita.

Nacheka. Nimefungua daftari moja la kuuza niandike haya, maana nikimsimulia mtu ataniita muongo. Kwa haki.

Jumatano, 5 Machi

Sicheki sana. Madirisha yana nondo. Mlango wa jikoni, kufuli. Mlango wa kupitishia maiti — huo unafunguka, nikarudi mwenyewe bila kuitwa.

Sista kanipa kikombe cha maji ya chumvi na sukari, na kijiko. Kijiko kimoja, hesabu mpaka sitini, kingine. Mpe bibi yako. Nikasema sista, mimi kwa kweli... Akaniangalia. Nikachukua kijiko.

Wodi nzima inasali. Mama wa kitanda cha pili anapaza sauti kama Mungu yuko ng'ambo ya mto. Jirani yake ananong'ona kama anamsengenya mtu. Tegemeo letu ni mchungaji wa kitanda cha nne. Wakamwambia, baba mchungaji, tuombee. Akageukia ukuta. Akasema leo sina neno.

Kama fundi wa bomba kakuambia maji hayajui.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi anatapika, nafuta. Nimemvalisha soksi pea mbili, za kijani juu ya za bluu. Golikipa.

Kaniambia, mzembe, niombee. Bibi, mimi kanisani naishia getini na bidhaa. Akasema jaribu. Nikasimama: Ee Mungu mwenye enzi, uketiye juu ya vyote — sauti ya spika kabisa. Akanikata. Petro alipoanza kuzama alisema nini? Sijui, bibi. Alisema niokoe. Angeanza na enzi na utukufu, hotuba angemalizia chini, kwa samaki!

Nikacheka mpaka kijiko kikamwagika. Na kule ukutani nikasikia mchungaji naye anacheka, kidogo. Halafu analia. Halafu akasema, nisaidie. Hilo tu. Wodi yote ikaitikia amina.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimefika arobaini na moja.

Ijumaa, 7 Machi

Kitanda cha pili kiko wazi. Wamekipiga dawa. Zile kelele za mama yule, jana zilinichosha, leo nazitamani.

Bibi kanikuta naandika. Unamwandikia nani? Najiandikia mwenyewe. Akasema wee, yuko mwingine anasoma, hata mwandiko wa kuku anausoma.

Nikamuuliza mbona alinikubali siku ile. Akasema, asubuhi ile mimi nilikuwa nimeomba niletewe mtu. Sikutaja sura. Kosa langu hilo!

Jumamosi, 8 Machi

Tangazo. Wenye mgonjwa wanabaki naye. Waliokwama tu, wasio na mtu humu, wanahamia jengo la kule getini, siku tatu, wakiwa wazima — nyumbani! Sista anapita na karatasi kitanda kwa kitanda. Anauliza kila aliyesimama, wewe ni nani wa mgonjwa?

Jamani. Maisha yangu yote uongo ndio umenilisha, leo ukweli ndio unanitoa. Maneno matatu: mimi si mjukuu. Mlinzi mwenyewe shahidi wa soksi.

Na bibi hamezi. Tangu alfajiri maji yanarudi pembeni mwa mdomo. Masista wawili, wagonjwa kumi na tisa. Nani atakaa hapa kuhesabu sitini?

Tumbo langu limenguruma mara mbili. Njaa. Iwe njaa tu.

Sista yuko kitanda cha nne. Mchungaji kanitazama mimi, si yeye.

Haya. Wewe unayesoma. Bibi anasema upo, na mimi pa kuanzia sijui, naanzia palepale: niokoe. Tuokoe. Sasa tuelewane haraka, bei moja, hakuna kuvutana. Mimi nabaki mjukuu. Sista akiniuliza nasema wa damu, na simwachi bibi mpaka atoke kwa miguu yake, na soksi pea zote kumi na nne ambazo sijauza, pamoja na alizovaa, ni zake. Wewe kazi yako kijiko kimoja. Sisemi asimame atembee. Kijiko kimoja kiende chini kikae. Mteja mwingine nisingemtangulizia mali, Wewe nakutangulizia — sista kafika kitanda cha tano — nimeshamtilia mdomoni, naanza kuhesabu. Umekubali?