Wimbo Uliokatazwa Kirundi

Gongoni, Tabora
4 Machi 2024

Mwanangu Emilian,
Habari za Mwanza? Sisi wazima, ila goti linanisumbua tangu mvua zianze. Ule wimbo wa kwaya niliomtungia marehemu baba yako, uweke mtandaoni. Hayo mambo ya leseni siyajui, chagua wewe. Ninachotaka ni kwaya yoyote iuimbe bure, popote.
Shangazi yako,
Marcelina

Mwanza
11 Machi 2024

Shangazi, shikamoo,
Pole na goti. Nimeuweka, kwa leseni huria. Yeyote anaruhusiwa kuuimba na kuusambaza bure, mradi akutaje, asiuuze, wala asibadilishe hata neno. Hilo la mwisho ni la kukulinda. Vijana wasije wakaugeuza disko.
Mwanao,
Emilian

Gongoni
2 Juni 2024

Emilian,
Marahaba. Sina hamu ya salamu leo.
Anakleti, mwalimu wa kwaya kule Ulyankulu, amefiwa na mkewe, Stela. Wanakwaya wake walishautafsiri wimbo wangu kwa Kirundi kwa ajili ya mazishi, maana mama mzazi wa marehemu hajui Kiswahili. Mmoja wao akasoma masharti yako, wakasita. Walinipigia, simu ilikuwa imezima. Basi wakauimba kwa Kiswahili. Mama wa watu kakaa kando ya kaburi la mwanawe anamuuliza jirani, "Wanasema nini?"
Nilisema popote. Nani alikutuma kuufunga?
Marcelina

Mwanza
5 Juni 2024

Shangazi, shikamoo,
Nilitaka kujibu kwamba uliniambia nichague. Lakini hukuniambia niufunge. Nisamehe.
Nimeweka leseni nyingine: sasa ni ruksa kutafsiri na kubadilisha, mradi wakutaje na waeleze walichobadilisha. Nimempigia Anakleti. Alisema, "Haya, asante," akakata.
Mwanao,
Emilian

Gongoni
9 Julai 2024

Mwanangu Emilian,
Marahaba. Hujambo?
Jumapili nilikwenda arobaini ya Stela. Wameuimba kwa Kirundi. Jina langu wamelitaja vizuri, kisha Anakleti akaeleza kwamba ubeti wa tatu wameuondoa. Ule wa baba yako, Emilian! Wameweka wa Stela. Nilikaa pale nimevimba, nikasema moyoni, wakimaliza tu nawaendea.
Kwenye kiitikio mama yake Stela akaanza kuimba. Mwisho wakanyamaza wote, akabaki peke yake.
Sikumwendea mtu. Bado imeniuma, sikufichi. Lakini ile leseni usiiguse tena.
Shangazi yako,
Marcelina