Mkojo Uliowaka Buluu

Jumamosi

Wengine huletewa maua. Mimi, bibi harusi wa juzi, nimeombwa mkojo. Lakini Mutua wangu aliomba kwa sauti tamu mno, nikaona hayo nayo ni mahaba!

Ni wa utafiti wake wa chuo: chembe za kaboni zisizoonekana kwa macho, ambazo huwaka buluu chini ya tochi yake maalum zikikutana na floridi nyingi. Akachanganya hapo jikoni, akamulika. Nikameta kama taa za Krismasi. Bwana wangu akapendeza kwa huo mwanga!

Mama mkwe akachungulia. "Hiyo imewaka ni ya bibi yako?"

"Ndiyo, Mwaitu," Mutua akamjibu mama yake.

"Asante Yesu! Nitaitwa susu, nitaitwa nyanya!" Vigelegele mpaka kwa jirani.

Mtafiti wangu hodari akazima tochi.

Maana kilichowaka si mtoto. Ni floridi ya maji ya kisima alichochimbisha Mwaitu mwenyewe, anachokisifu hadi kanisani. Mtoto namtaka, tena mwenye meno meupe, si ya kahawia kwa maji hayo. Lakini kumvunja mama moyo mara mbili kwa siku moja, naogopa.

Mutua ameninong'oneza, kwa sauti ile ile tamu: "Mpenzi, mwambie wewe."