Maharage Hayakuungua

Gungu, Kigoma
Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi

Dada yangu mpendwa Elida,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako umepunguza ukorofi. Sisi huku tunaendelea. Dismasi anakusalimu, na safari hii salamu ni yake kweli, kaitamka mwenyewe kwa mdomo wake. Oswald anakuja Kasulu kesho na mzigo wake wa mawese, basi nimempa barua hii pamoja na dagaa kidogo. Waoshe vizuri, wana mchanga, usije ukanisema kwa watu.

Utashangaa naandika barua wakati simu ninayo. Kwenye simu, dada, nimezoea kusema tupo salama kabla hata hujaniuliza. Kalamu inanichelewesha kidogo, na mtu mwenye mdomo kama wangu anahitaji kucheleweshwa.

Unajua tulivyotoka Bangwe. Ziwa lilipanda likaingia uani, likaingia jikoni, mwisho tukawa tunalala maji yakiwa chini ya kitanda. Tukahamia chumba kimoja hapa Gungu, na kabla hatujafungua mizigo yote Dismasi akapigwa na kiharusi. Hayo nilikuambia. Nisichokuambia ni kwamba tangu siku ile nilikuwa sisali. Mbele za watu nilipiga ishara ya msalaba haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi, basi.

Na mwenyekiti wa jumuiya yetu kule Bangwe ni nani? Mimi! Mimi niliyekuwa nikifunga sala mpaka watoto wanasinzia. Mama Ignas alipompoteza mwanawe ziwani mwaka jana, alilia jumuiyani mpaka akaanguka chini. Nikamwambia mbele ya wote kwamba Mkristo mwenye imani halii hivyo, na kama amani hana basi ajichunguze. Watu wakaitikia kwamba nimesema kweli. Nami nikaenda nyumbani nimejaa majivuno.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Ulipiga simu kuniuliza kama watu wa jumuiya wamekuja kumwona mgonjwa, nikakujibu kwamba wametutupa, hakuna hata mmoja aliyekanyaga mlangoni petu. Ukakasirika kwa ajili yangu. Ukasema kama Wakristo ndio hao, wewe na kanisa basi. Nilidhani ni hasira za siku moja. Juzi shemeji kaniambia kwamba tangu siku ile hujaenda kusali, na kwamba Pasaka yenyewe uliipitisha shambani.

Dada, walikuja. Walikuja jana yake kabla hujapiga simu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimebandika maharage kwenye jiko la mkaa hapo nje, mlangoni. Nikasikia wimbo unapanda kutoka barabarani, nikawatambua kwa vitenge vya jumuiya. Wametoka Bangwe, wengine kwa miguu, wazee wamebebana kwenye bodaboda, na aliyetangulia ni Mama Ignas. Ndani Dismasi alikuwa amelowa, shuka sijabadilisha, chumba kinanuka. Nikawaza kwamba watanikuta hivi, watakaa kitandani kwangu, kisha wataniambia mwenyekiti tuongoze sala, na sala sina hata ya kuokoteza. Nikaingia ndani nikaweka komeo.

Walipiga hodi wakachoka. Nikamsikia Mama Ignas akiwaambia wenzake kwamba huenda nimempeleka mgonjwa hospitali, basi wasali hapo hapo nje. Wakaanza rozari. Mimi nimekaa sakafuni nimebana pumzi, na, Mungu anisamehe, nawaza maharage yangu yanavyoungua.

Wakafika kwenye litania. Wanataja mtakatifu mmoja mmoja, wanaitikia. Ghafla kitandani Dismasi naye akaitikia, "Utuombee." Ulimi mzito, lakini neno zima. Tangu augue alikuwa anaguna tu, na daktari alisema tusitarajie sana.

Nilichofanya sijamwambia mtu isipokuwa padri, Ijumaa iliyopita kwenye kitubio. Nilirukia kitandani nikamziba mdomo. Nilimziba mume wangu mdomo asisali, ili watu wasijue nipo ndani.

Hakunisukuma. Alinitazama tu. Lakini kila mtakatifu aliyetajwa kule nje, nilihisi midomo yake inaitikia kwenye kiganja changu. Walimaliza, wakarudia tena tangu mwanzo, na yeye akaitikia yote. Sijui mkono niliutoa saa ngapi. Ninachojua ni kwamba na mimi nilikuwa naitikia, nalia makamasi yananitoka, kilio kile kile nilichomkataza Mama Ignas. Na humo ndani ya aibu, dada, nilitulia. Sijui nikuelezeje. Nyumba bado imo majini na mgonjwa bado ni mgonjwa, lakini moyo ulikaa.

Walipoondoka nilifungua mlango. Maharage hayakuungua. Mtu aliongeza maji, akapunguza mkaa, akafunika sufuria vizuri.

Kesho yake ukapiga simu, na badala ya kukueleza, aibu ikanitangulia nikakudanganya.

Ilibidi niteremke Bangwe. Mama Ignas alinipokea kwa salamu yetu ya "mwakeye" kama vile hakuna lililotokea. Nikamuuliza nani aliyejua kwamba nipo. Akacheka, akasema hakuna mwanamke wa Kiha anayekwenda hospitali akaacha maharage motoni, kwa hiyo walijua wote. Na sauti ya Dismasi waliisikia pia, ndiyo maana litania ilirudiwa, wakitumaini ataitikia tena. Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia sipo. Akasema kwamba yeye anakumbuka ilivyo kutazamwa na watu siku ambayo imani imekuishia.

Nilimpigia magoti, akaninyanyua akisema nitakichafua kitenge changu mwenyewe kwa matope ya Bangwe.

Uenyekiti nimemwachia yeye. Sala ndefu sina tena. Jioni mimi nataja mtakatifu, Dismasi anaitikia, tunalala.

Sasa nakuomba, dada. Hasira ulizonazo na kanisa ni zangu, nilikupa mimi kwa uongo. Nirudishie, unigombeze mimi kadiri utakavyo, hata mbele ya watoto. Lakini Jumapili hii nenda kasali. Nikijua umekosa komunyo kwa sababu ya komeo langu, huo utulivu nilioupata nitauonea haya.

Msalimie shemeji, na mwambie asante kwa kuniambia ukweli. Wabusu watoto. Dismasi anasema, neno kwa neno, "Elida aje."

Jumuiya wanakuja tena Jumamosi. Nitabandika maharage mengi, na mlango utakuwa wazi.

Ni mimi mdogo wako mwenye aibu,
Verediana